Sindano na Uzi wa Kushonea Ngozi: Tujue Namba Zake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na mikataba. Leo tunazungumza juu ya sindano na uzi. Wapo watakaouliza: "Chama kina habari gani na sindano? Si afadhali mtuambie habari za mshahara?" Tunawajibu kwamba habari za mshahara ndizo hizi hizi, na tutaonyesha kwa nini.

Si zamani sana tuliitwa na wafanyakazi wa karakana moja ya mikoba ya ngozi hapa Kampala. Hatutaitaja, kwa maana shabaha yetu ni kufundishana. Mafundi wa pale walilipwa kwa kipande. Mkoba ukirudishwa na mnunuzi kwa sababu kamba ya bega imefumuka, fundi aliyeushona alikatwa bei ya ngozi. Mwisho wa mwezi wengine walibaki na fedha ambazo hazikutosha hata kodi ya chumba. Msimamizi alisema hawa ni wavivu, hawajali kazi.

Tulikaa na mafundi hao wakati wa chakula cha mchana. Hatukuanza na maneno makubwa. Tuliomba tu kuona paketi ya sindano na kikonyo cha uzi. Paketi ilikuwa ya sindano za nguo, namba 14. Uzi ulikuwa wa nailoni, mnene, wa kushonea ngozi, unaotaka sindano namba 22. Ilikuwa kama kumpitisha ng'ombe katika mlango wa kuku. Kila sindano iliposhuka, uzi ulikwaruzwa ndani ya tundu lake mpaka ukatoka manyoya. Mkoba ulitoka mezani unapendeza, lakini mshono ulikuwa umekwisha kuumia. Baada ya majuma machache ulifumuka, na fundi akakatwa.

Nani alikuwa na kosa? Fundi hakununua sindano. Alipewa. Lakini pia fundi hakujua kusema: "Sindano hii haipatani na uzi huu, na sababu ni hizi." Alinyamaza, na aliyenyamaza akalipa. Ndiyo maana tunaandika makala hii.

NGOZI SI NGUO

Jambo la kwanza la kuelewa ni tofauti ya ngozi na nguo. Nguo imefumwa kwa nyuzi. Sindano ya nguo ikishuka husukuma nyuzi kando, na ikipanda nyuzi hurudi mahali pake. Ukikosea unafumua na kushona tena, na hakuna atakayejua.

Ngozi haikufumwa. Ni ngozi ya mwili wa ng'ombe au mbuzi iliyotengenezwa na kulainishwa kwa dawa, na ndani yake kuna nyuzinyuzi zilizoshikana huku na huku bila mpango. Sindano haipati njia ya kupita katikati, hivyo lazima ikate au itoboe. Na tundu likishatobolewa linabaki milele. Ukifumua mshono wa ngozi, safu ya matundu inabaki ikikutazama. Ukishona mara ya pili juu yake, unaongeza matundu mengine kando ya yale ya kwanza, na ngozi inakuwa kama karatasi ya stempu za posta: ukivuta kidogo tu inachanika kwa kufuata mstari.

Kwa hiyo katika ngozi hakuna nafasi ya kujaribu juu ya kazi yenyewe. Uamuzi wa sindano na uzi ni lazima ufanywe kabla ya kukanyaga pedeli.

NAMBA ZA SINDANO

Tazama paketi ya sindano. Mara nyingi utaona namba mbili zilizotengwa kwa mstari, kwa mfano 100/16. Namba zote mbili zinasema jambo lile lile kwa lugha mbili.

Namba kubwa ni unene wa mwili wa sindano kwa kipimo cha milimita, ikihesabiwa kwa sehemu za mia. Sindano 100 ina unene wa milimita 1 kamili. Sindano 90 ina milimita 0.90, na sindano 140 ina milimita 1.40. Namba ndogo ni hesabu ya zamani ya Singer. Haina maana ya kipimo, ni jina tu la saizi, lakini mafundi wengi ndiyo wanayoijua. Hizi hapa pamoja:

80 ni sawa na 12.
90 ni sawa na 14.
100 ni sawa na 16.
110 ni sawa na 18.
120 ni sawa na 19.
125 ni sawa na 20.
130 ni sawa na 21.
140 ni sawa na 22.
160 ni sawa na 23.
180 ni sawa na 24.
200 ni sawa na 25.

Namba ikipanda, sindano inakuwa nene. Hapa hakuna mtego. Mtego uko kwenye uzi, tutaufikia.

Lakini unene peke yake hautoshi. Kila cherehani ina aina yake ya sindano, yaani urefu wake na unene wa shina linaloingia katika mshikio. Cherehani nyingi za viwandani za meza bapa, zile za kushonea mashati, hutumia sindano ya DBx1. Cherehani nyingi nzito zenye mguu unaotembea, za mikoba na viti vya magari, hutumia 135x16 kwa ngozi na 135x17 kwa turubai na nguo nzito. Cherehani za nyumbani hutumia 130/705H, ambayo pia huitwa 15x1. Sindano ya aina nyingine inaweza kuingia na kukaa, lakini ikiwa fupi au ndefu kwa kiasi kidogo tu, ndoana ya bobini haitauchukua uzi, au sindano itagonga chuma na kuvunjika.

Katika vibanda vya Katwe bado tunaona ile cherehani ya mkono mrefu ya kutia viraka viatu, Singer 29K, ambayo mguu wake unageuka kila upande. Herufi hiyo K inatoka kwa Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Scotland. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zake zingali zinawalisha watu. Nayo ina sindano zake, 29x3 na 29x4, na nyingi za mashine hizo zina bobini ndogo, kwa hiyo uzi mnene sana huisha upesi na huisumbua. Ukienda dukani, chukua sindano ya zamani mkononi uilinganishe na mpya kwa urefu na kwa shina. Usimwamini muuzaji anayesema "zote ni moja."

NCHA YA SINDANO

Chukua sindano ya nguo na sindano ya ngozi, uzitazame mwangani au kwa kioo cha kukuza. Ya nguo ina ncha ya duara kama msumari. Ya ngozi ina makali kama kisu kidogo. Herufi zilizo juu ya paketi zinaeleza kisu hicho kimekaa vipi:

R ni ncha ya duara. Ni ya nguo, turubai, na ngozi bandia iliyo juu ya kitambaa.

LR ni kisu kilichoinama, kinachokata kwa mshazari. Mshono hulala kwa kuinama kidogo na kupendeza. Hii ndiyo inayotumika sana katika viatu na mikoba, na mtu asiye na hakika na aanze nayo.

S hukata kwa kufuata mstari wa mshono. Mshono hukaa umenyooka. Inafaa kwa hatua ndefu na uzi mnene. Lakini ukiitumia kwa hatua fupi, mikato inakutana mmoja na mwingine na ngozi inafunguka kama bahasha.

P hukata kukingama mstari wa mshono. Inafaa kwa hatua fupi zilizokaribiana, kama kwenye viatu vyepesi.

D ina pembe tatu. Ni ya ngozi kavu, ngumu na nene, kama mikanda.

Na upande wa pili ni kweli pia: usitumie sindano ya ngozi kwa kushona nguo. Kisu kile kitakata nyuzi za nguo, na mshono utatoboka. Mahali ngozi inaposhonwa pamoja na kitambaa cha ndani, jaribu kwanza juu ya kipande, utazame upande wa kitambaa kama umekatika.

NAMBA ZA UZI: HAPA NDIPO MTEGO

Wengi wetu tumekosea hapa, hata sisi tunaoandika. Uzi unauzwa kwa hesabu kadhaa, na nyingine zinakwenda kinyume cha nyingine.

Hesabu ya kwanza ni Teksi, inayoandikwa T. Ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 1,000. Uzi wa T70 una gramu 70 katika mita 1,000. Namba ikipanda, uzi unakuwa mnene.

Hesabu ya pili ni ya Kimarekani, nayo pia hupanda pamoja na unene: 69, 92, 138, 207, 277. Uzi wa 69 ni T70. Wa 92 ni T90. Wa 138 ni T135. Wa 207 ni T210. Wa 277 ni T270.

Hesabu ya tatu ni ya tikiti. Hii inakwenda kinyume: namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Tikiti 120 ni uzi wa kawaida wa kushonea nguo. Tikiti 40 hukaribia T70. Tikiti 30 hukaribia T90. Tikiti 20 hukaribia T135. Ukitaka kukadiria mwenyewe, gawa 3,000 kwa namba ya tikiti, utapata Teksi kwa makadirio.

Hesabu ya nne utaiona kwenye vikonyo vya nailoni, imeandikwa 210D/3, 210D/6 au 210D/9. Namba 210 ni uzito wa kila uzi mdogo kwa kipimo cha mita 9,000, na namba ya mwisho ni idadi ya nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja. Zidisha, kisha gawa kwa 9. Kwa 210D/3: 210 mara 3 ni 630, gawa kwa 9 unapata 70. Basi huo ni T70. Kwa 210D/6 unapata 140, karibu na T135. Kwa 210D/9 unapata 210 kamili.

Tena kuna vikonyo vya poliesta vya mafundi nguo vilivyoandikwa 40/2, 20/2 na 20/3. Hapa namba ya kwanza ikishuka uzi unakuwa mnene, na namba ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa. Kwa hiyo 20/2 ni mnene kuliko 40/2, na 20/3 ni mnene kuliko 20/2.

Sasa mnaona hatari. Msimamizi akimtuma kijana dukani "alete uzi wa arobaini," kijana anaweza kurudi na tikiti 40 ya ngozi au 40/2 ya mashati. Zote ni arobaini, lakini moja itashika buti na nyingine haitashika hata soksi. Andikeni namba kamili kwenye karatasi.

KUOANISHA SINDANO NA UZI

Sindano na uzi ni kama mke na mume: kila mmoja mzuri peke yake, lakini wasipopatana nyumba haikai. Sindano inatakiwa kutoboa tundu ambalo uzi unapita bila kukwaruzwa, na bado tundu libaki dogo kiasi cha kujazwa na uzi. Kwa ngozi, mwanzo mzuri ni huu:

Uzi T70: sindano 100 au 110 (namba 16 au 18).
Uzi T90: sindano 110 hadi 125 (namba 18 hadi 20).
Uzi T135: sindano 140 au 160 (namba 22 au 23).
Uzi T210: sindano 160 au 180 (namba 23 au 24).
Uzi T270: sindano 180 au 200 (namba 24 au 25).

Ngozi laini inaruhusu sindano ndogo ya mstari huo, na ngozi ngumu na kavu inataka ile kubwa. Uzi wa bobini uwe sawa na wa juu, au saizi moja chini yake.

Na uzi wenyewe tuuchague kwa unene wa ngozi, tukihesabu tabaka zote pamoja. Tabaka zikifika milimita 1 au 2, kama glovu na pochi, T70 inatosha. Milimita 2 hadi 4, kama viatu vya shule na mikoba, T90 au T135. Kupita hapo, kama mikanda na kamba za kubebea mzigo, T210 au T270, na hapo cherehani iwe nzito ya kweli. Cherehani nyepesi ya kushonea mashati isilazimishwe kupita T70. Mota itaungua, na wewe ndiwe utakayeulizwa.

Kama huna namba zozote, uzi umepoteza karatasi na sindano imetoka kwenye kopo, kuna kipimo cha mkono. Tunga uzi, kama urefu wa futi moja, katika sindano ambayo haijafungwa kwenye mashine. Shika ncha mbili za uzi, uuvute ukaze, uuinamishe kama paa la nyumba. Sindano ikiteremka yenyewe polepole huku ikizunguka, wamepatana. Ikikwama, sindano ni ndogo. Ikianguka moja kwa moja bila kugusa, sindano ni kubwa mno. Kipimo hiki hakitaki kusoma wala kuandika, na hakuna bosi anayeweza kukibishia mbele ya macho yake.

Kuna kipimo kingine cha msokoto. Uzi wa sindano unatakiwa uwe umesokotwa kwa kushoto. Shika uzi kwa mikono miwili, kisha uuzungushe kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, ukiuleta upande wako. Ukikaza, ni wa kushoto, unafaa. Ukifunguka, ni wa kulia, na mashine itaufungua vivyo hivyo mpaka ukatike.

PAMBA, NAILONI AU POLIESTA?

Uzi wa pamba hauyeyuki kwa joto, lakini huoza kwa jasho na maji. Kiatu cha mtu anayekanyaga umande kila asubuhi hakifai kushonwa kwa pamba.

Nailoni ina nguvu na huvutika kidogo kabla ya kukatika. Ni nzuri kwa viatu na mikoba. Adui yake ni jua la siku nyingi. Poliesta hulistahimili jua vizuri zaidi, hivyo inafaa kwa viti vya pikipiki na vitu vya nje. Nyuzi zote hizi mbili huyeyuka kwa joto kali. Nailoni nyingi huyeyuka kati ya nyuzi joto 220 na 260, na poliesta karibu na 255. Mnaweza kusema joto hilo litoke wapi? Linatoka kwenye sindano yenyewe, ikienda mbio ndani ya ngozi kavu. Kwa hiyo uzi ukikatika na ncha yake ikawa na kidonge kigumu kama nta, dawa yake ni kupunguza mwendo.

Na hapa tuseme wazi: mwendo ni jambo la chama. Malipo ya kipande humfanya fundi akanyage pedeli mpaka chini. Kiwango cha kazi kikipangwa kwa mwendo unaoyeyusha uzi, kiwango hicho ni kibaya kwa mfanyakazi na ni kibaya kwa mali pia.

DALILI ZA KUTOPATANA

Jaribu kila mara juu ya kipande cha ngozi ile ile, kwa idadi ile ile ya tabaka. Shona urefu wa kiganja, kisha utazame.

Fundo la nyuzi mbili likionekana chini, wala haliingii katikati ya ngozi hata ukirekebisha mkazo, tundu huenda ni dogo mno. Ongeza sindano saizi moja.

Tundu likionekana pande zote za uzi, sindano ni kubwa. Maji yataingia humo.

Uzi ukitoka manyoya, sindano ni ndogo, au tundu lake limekwaruzika, au uzi ni wa kulia.

Cherehani ikiruka hatua, tazama kama sindano imesukumwa mpaka juu, kama imegeuzwa vibaya, au kama ni butu. Mtaro mrefu wa sindano uelekee upande uzi unakoingilia, na sehemu iliyochongwa ielekee ndoana.

Ngozi ikipasuka kati ya tundu na tundu, hatua ni fupi. Kwa viatu na mikoba anza na milimita 3 hadi 4, yaani matundu kama 6 hadi 8 katika inchi moja.

Sindano butu usiihurumie. Mafundi wengi wa viwanda huibadilisha kila zamu. Sindano ni kitu cha bei ndogo na ngozi ni kitu cha bei kubwa, lakini mara ngapi tumeona anayefungia sindano kabatini huku ngozi zikiharibika mezani?

MACHO YETU

Sindano nyembamba katika ngozi nene hupinda. Ikipinda hugonga bamba la chuma, huvunjika, na kipande huruka. Mwendo wa kipande hicho hauoni mtu. Tunamjua dada mmoja aliyepigwa chini kidogo ya jicho. Alishukuru Mungu, akafungwa plasta, akarudi kwenye cherehani ile ile yenye sindano ya saizi ile ile. Hakuandikwa popote.

Wandugu, kila jeraha liandikwe, hata likiwa dogo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akinge mashine na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kinga. Inataka pia kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kama mahali penu mko zaidi ya 20 na kamati haipo, ulizeni. Zima mota kabla ya kubadilisha sindano, ondoa mguu kwenye pedeli, na ukianza kazi mpya zungusha gurudumu kwa mkono hatua chache za kwanza. Kipande cha sindano iliyovunjika kitafutwe mpaka kionekane, kisibaki ndani ya kiatu cha mtoto wa mwenzako.

NENO KWA NDUGU ZETU WA MASHAMBA

Ninyi wa mashamba ya chai na miwa msifikiri makala hii haiwahusu. Ninyi ndio mnaovaa kazi yetu. Glovu za ngozi, buti, na mkanda wa pampu ya dawa mgongoni, vyote vimeshikwa na uzi. Mkanda ukikatika, dawa inamwagika juu ya mwili wako.

Mkipewa vifaa, msitie sahihi kabla ya kutazama. Kunja ngozi mahali pa mshono: matundu yakifunguka kama midomo, sindano ilikuwa kubwa. Pitisha ukucha juu ya uzi: ukiwa na manyoya kabla haujatumika, umekwaruzwa. Vuta kamba kwa nguvu ya mikono miwili: ngozi ikianza kuchanika kwa kufuata mstari, rudisha. Kurudisha kifaa kibovu si utovu wa adabu.

TUFANYE NINI?

Turudi kwenye karakana ile tuliyoanza nayo. Tulimwomba mwenye karakana atazame mwenyewe. Fundi mmoja alishika uzi mbele yake akaonyesha sindano ikikwama. Kisha tulishona vipande viwili vya ngozi ile ile, kimoja kwa sindano 14 na kingine kwa sindano 22 ya ngozi, tukampa avivute kwa mikono yake. Cha kwanza kilikatika uzi. Cha pili hakikukatika. Mzee yule alinyamaza kidogo, akatuma mtu dukani.

Mikoba ikaacha kurudi. Makato ya mwezi ule yalirudishwa. Lakini makato ya miezi ya nyuma hayakurudishwa, na hilo linatuuma mpaka leo. Sababu ni kwamba hapakuwa na karatasi. Hakuna aliyejua kwa hakika nani alikatwa kiasi gani, lini, na kwa mkoba upi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi apewe taarifa ya mshahara iliyoandikwa kwa lugha anayoweza kuielewa, yenye kuonyesha kila kilichokatwa na sababu yake. Mafundi wale hawakuwahi kuidai.

Basi tunawaomba mfanye mambo manne.

Kwanza, nakilini orodha ya sindano na uzi iliyo katika makala hii mkaibandike ukutani karibu na cherehani.

Pili, mkipewa sindano isiyopatana na uzi, semeni kabla ya kushona, mbele ya mwenzenu, na mwakilishi wa chama aandike siku na namba zilizo juu ya paketi.

Tatu, wekeni kipande cha majaribio cha kila kazi, kimeandikwa tarehe nyuma yake. Kipande cha ngozi hakisahau wala hakiogopi kutoa ushahidi.

Nne, daini karatasi ya mshahara kila mnapolipwa, na muitunze.

Wanasema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kumkaripia mvivu, nasi hatuikatai. Lakini anayepewa jembe bila mpini, kisha akakatwa mshahara kwa kuwa hakulima, huyo ana haki ya kuuliza. Na akiuliza huku anajua namba za sindano yake na za uzi wake, atasikilizwa.

Umoja ni nguvu.